Tiketi Moja, Wapweke Wawili

Spana, fundi baiskeli, alifika kwenye benchi letu nje ya duka la Kinyozi akatangaza kwamba jana alikwenda ukumbini kutazama maigizo. Tukamtazama kama mtu aliyesema amegombea ubunge.

"Tiketi moja, michezo miwili mifupi," alisema. "Yote ya upweke."

"Ya nini?" Kinyozi akauliza, wembe hewani.

"Upweke. Wa kwanza, jamaa yuko chumbani peke yake, anajipigia simu."

"Anapokea?"

"Namba inatumika."

Pasi, anayewapigia pasi watu wa mtaa mzima, hakuinua macho kwenye kola ya shati. "Ningejua kuna biashara hiyo ningewapelekea shemeji yangu. Yule akiingia chumbani hata mbu wanatoka."

"Wa pili ni vikongwe majirani, ukuta katikati. Huyu akikohoa, yule anasikia. Hakuna anayebisha hodi. Mwisho kikohozi kimoja kikakoma."

"Halafu?"

"Taa zikawaka, watu wakapiga makofi."

"Mtu kafa, mnampigia makofi?"

"Dada niliyekaa naye alikuwa analia. Nilitaka kumuuliza kulikoni, nikaona simjui."

Tulicheka mpaka mteja wa Kinyozi akaomba kwa adabu abakiziwe sikio. Kinyozi akasema hayo ni magonjwa ya watu wa maghorofani. Hapa kwetu ukipiga chafya, mtaa mzima unakupa pole.

"Redio angekuwepo angetuhutubia mpaka giza," nikasema.

Redio ni mwenzetu wa benchi, mdomo wake haufungwi, ndiyo maana tukamwita hivyo. Siku kadhaa sasa hakuwa ameonekana.

"Si amesafiri?" Kinyozi akasema.

"Nani kakwambia?" nikamuuliza.

"Wewe."

"Mimi nilikuuliza tu."

"Kwani jina lake hasa nani?" Spana akauliza.

Pasi akaweka pasi pembeni. Miaka yote hiyo tulijua maoni ya Redio kuhusu kila serikali duniani, lakini jina lake na mlango wake, hakuna aliyejua. Kinyozi akamfuta mteja povu, akamwambia upande wa pili atamalizia kesho.

Pasi alikumbuka kwamba zamani alimpelekea suruali kwenye uchochoro nyuma ya mashine ya kusaga. Tukaenda huko, tukamkuta mama mmoja anaanua nguo.

"Tunamtafuta Redio, mama. Mrefu, ana upara, anaongea sana."

"Mrefu mwenye upara yupo, napakana naye ukuta," akajibu. "Lakini yule nadhani ni bubu. Tangu ahamie hajatusemesha."

Tukaangaliana. Spana akasukuma mlango wa jirani yake.

Redio alikuwa kitandani, mguu umevimba kama gogo. Aliteleza bafuni, simu ikatumbukia kwenye ndoo. Pembeni palikuwa na ganda la mkate na kikombe kitupu.

"Mmepajuaje?" akauliza, sauti imekauka.

"Umetuficha kwako, bwana," Kinyozi akamgombeza. "Watu tunaongea kila siku."

"Naongea mimi. Ninyi mnangoja nimalize."

Pasi akajitia kuwasha jiko. Mimi nikampa maji, akayanywa yote bila kupumzika, mkono wake umeshika wangu, nami sikujua niutoe au niuache. Nikauacha.

Halafu Spana akaubonyeza mguu, akasema umeteguka tu, ataunyosha mwenyewe kama rimu. Kinyozi akasema hospitali, sasa hivi. Pasi akasema wote wawili ni punda. Sauti zikapanda, kila mmoja daktari, mgonjwa hakuna anayemsikiliza, mpaka yule mama akaja mlangoni kuuliza kama kuna ugomvi.

"Karibu ndani, mama," Redio akamwambia. "Hawa ni ndugu zangu, watanipeleka hospitali wakishachoka kubishana. Hebu kaa hapa, nipate mtu wa kuongea naye."