Wasomaji wa Bashay na Ng'ombe Kumi na Wawili

Kitendawili: anakula bila kulima, anavuna bila kupanda, panya akimwona anaona haya. Watu wa Babati wangekujibu haraka: ni Hilary. Lakini asubuhi ile aliposhuka kwenye basi Mbulu mjini, na mkoba mmoja na viatu vilivyong'aa kuliko sifa zake, hapakuwa na mtu aliyemjua. Kwa mtu wa kazi yake, hiyo ni mali.

Aliingia hotelini kunywa chai. Meza ya pili walikaa wazee wawili kutoka Bashay: Mwalimu Basili, mstaafu, na Lameck mwenye mashine ya kusaga. Kati yao kililala kitabu kilichorudufiwa, kurasa zake zimejikunja pembeni kama majani ya kabichi.

"Mwalimu, tangu nifike ukurasa wa arobaini mambo hayaniachi," Lameck alisema. "Jana nilimfikiria shemeji yangu. Kuinua kichwa, huyu hapa!"

"Shemeji yako anaishi kwako, Lameck."

"Ndiyo, lakini kwa nini atokee dakika ile ile?"

Mwalimu akafikiri, na kwa aibu ya kisomo chake chote akaitikia kwa kichwa.

Kitabu chenyewe kilikuwa riwaya ya mambo ya roho. Kiliitwa *Hakuna Anayekutana Bure*. Mwanamume mmoja anaacha kazi, anashika njia, na kila mtu anayekutana naye amebeba ujumbe wake. Mimea inatoa nguvu, mawe yanatoa nguvu, watu wanapeana nguvu wakitazamana. Hakuna kinachotokea kwa bahati. Mwalimu Basili alikinunua safari moja Arusha, akakirudufu, na sasa nusu ya Bashay ilikuwa inakisoma, na nusu ya hiyo nusu ilikuwa inasubiri ishara badala ya kupalilia.

Hilary hakuwa amesoma hata mstari mmoja wa kitabu kile. Jina lake alilisoma kichwa chini, kutoka meza yake. Alisimama polepole, akashika kifua kama mtu aliyechomwa na mwiba mtakatifu.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba."

"Nimesafiri usiku kucha bila kujua ninakuja kufanya nini Mbulu. Sasa nimejua. Mimi ndiye ninayekusanya maoni ya wasomaji wa kitabu hiki. Kuna kitabu cha pili kinaandikwa, na watu wake watatoka kwa wasomaji."

Lameck alimwaga chai. "Mwalimu! Unaona?"

"Ninaona," alisema Mwalimu Basili, na hapo ndipo alipoacha kuona.

Jioni ile ile Hilary alikuwa mgeni wa Lameck huko Bashay, akila kuku.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Kila msomaji aandike maoni yake kwenye daftari la shule: kitabu kimemgusa wapi, anasubiri ishara gani, moyo wake unataka nini. Binadamu ni kiumbe cha ajabu. Jirani akimuuliza ana magunia mangapi ya mahindi, atasema mwaka huu ni mbaya. Mgeni akimwambia andika yaliyo moyoni, ataandika mpaka idadi ya mayai yanayolaliwa. Hilary alikusanya madaftari ishirini na saba. Alikaa nayo siku mbili, kalamu mkononi, kama padri anayesahihisha dhambi.

Halafu ishara zikaanza kutokea.

Perpetua, fundi cherehani, aliandika kwamba kuna siku atakutana na mtu atakayemwita kwa jina la ubatizo ambalo hata mumewe halijui, na jina lenyewe akaliandika. Akakutana naye kisimani. Alikuwa Hilary. Perpetua akatoa mbuzi mweupe. Lameck aliandika kwamba aliota mbuzi mweupe amesimama mlangoni pa mashine. Kesho yake alfajiri amfungulie mlango nani? Mbuzi mweupe, tena amefungwa kwa kitambaa cha cherehani. Lameck akapiga magoti kwenye pumba, akatoa magunia sita ya mahindi. Mbuzi yule, maskini, alikuwa muujiza wa watu watatu kabla wiki haijaisha, na alikonda.

"Pesa sipokei," Hilary aliwaambia kwenye mikutano yao ya Alhamisi, chini ya bati la shule ya chekechea. "Pesa ni karatasi. Nataka kitu kilichoguswa na mikono yako. Nguvu haipiti kwenye mkono uliofungwa."

Hakueleza kwamba pesa ya simu inaacha nyayo, na gunia haliachi. Kila kitu kiliwekwa stoo kwa Lameck, nyuma ya mashine: mahindi, maharage, kuku kwenye matenga, mbuzi tisa. Jumamosi lingekuja lori la Fuso, "kupeleka nguvu kwa mwandishi".

Mpaka hapo unaweza kucheka. Mtu akipoteza gunia kwa sababu ya ndoto ya mbuzi, gunia limepata adhabu isiyostahili, lakini mtu amepata yake. Sasa njoo kwa Natalia.

Natalia alikuwa mjane wa miaka miwili. Mumewe, Hhando, alikuwa na desturi moja: akirudi shambani jioni, akifika kwenye uzio wa minyaa, alipiga mluzi mara tatu ili watoto wamfungulie. Natalia aliandika hayo kwenye daftari. Aliandika kwamba kama kitabu ni cha kweli, kama nguvu haipotei, basi angependa kuusikia mluzi ule mara moja tu.

Jumatatu jioni aliusikia. Mara tatu, nyuma ya minyaa. Alitoka mbio, hapakuwa na mtu. Kesho yake alimpelekea Hilary magunia manne ya vitunguu saumu, na hayo hayakuwa ya kuuza. Yalikuwa mbegu. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya milima, na asiyekuwa na mbegu wiki ile alikuwa hana shamba mwaka ule. Watoto watatu walitegemea kitunguu kile kuliko walivyotegemea mluzi.

Mama yake Hhando, Mama Marieta, alikaa boma la pili. Naye aliusikia mluzi, akiwa anakamua. Hakutoka mbio. Alimaliza chuchu ya nne, akafunika maziwa, na kesho yake jioni ndipo akaenda kwa mkwe wake.

"Natalia, mwanangu. Mbegu ziko wapi?"

Natalia akamwambia, huku analia na kucheka. "Mama, alikuwa Hhando! Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia. Hhando alikuwa na pengo hapa mbele. Alilipata kwa teke la punda akiwa na miaka kumi. Mluzi wake ulikuwa unavuja upepo kama tairi. Ule wa jana ulikuwa wa mtu mwenye meno yote."

Natalia akakaa chini.

"Kama ni hivyo nimempa mbegu za watoto mwizi wa sauti ya marehemu," alisema. "Niende nikamkamate shati."

"Ukimkamata shati atakuambia umevunja nguvu, na Lameck na Mwalimu watakuwa upande wake. Wajinga wakiwa wengi wanaitwa kamati. Niletee hicho kitabu."

Mama Marieta alisoma mpaka darasa la nne, na alisoma kwa kidole. Alisoma siku mbili. Alhamisi akavaa kitenge cha kanisani, akaenda mkutanoni.

"Shikamoo, mama," Hilary alimwamkia, akampisha kiti. Macho yake yalikuwa yameshahesabu hereni.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kutoa maoni yangu."

"Toa, mama. Toa kwa moyo."

"Huyu mwanamume wa kitabu," alisema Mama Marieta, "anatembea kurasa mia mbili na kumi hajamwamkia mtu mzima hata mmoja. Anafika mji wa watu, anawakodolea macho, anasema amepokea ujumbe. Hapa kwetu angepokea mbwa."

Mwalimu Basili alikohoa. "Mama, hilo ni fumbo la—"

"Sijamaliza, Mwalimu. Ukurasa wa themanini analala chini ya mti siku tatu akipokea nguvu za majani. Nani anampikia? Haijaandikwa. Yuko mwanamke mahali anakoka moto, na mwandishi amemficha. Kuhusu kukutana: mimi nimekutana na Lameck kila Jumapili miaka hamsini, na hajawahi kuwa na ujumbe wowote."

Watu wakaangua kicheko. Doris, mke wa Lameck, ndiye aliyeacha kucheka mwisho.

"Lakini," Mama Marieta aliendelea, akalainisha sauti, "mgeni wetu amesema neno moja lililonichoma. Nguvu haipiti kwenye mkono uliofungwa. Nikajitazama. Mimi mjane, mzee, na zizini kwangu wamelala ng'ombe kumi na wawili."

Hilary alisogea karibu.

"Kumi na wawili, mama?"

"Na mmoja ana mimba. Nikasema: leo nifungue mkono. Kesho asubuhi waondoke zizini, uende nao wewe."

"Wote?"

"Wote waliolala mle. Ila kitabu kinasema nguvu inakwenda na kurudi, ukurasa wa mia na tatu. Basi na wewe fungua wako kwanza, mbele yetu. Kila kilichoko stoo kirudi kwenye mkono uliokitoa. Vitoke vidogo, viingie vikubwa. Au wewe huamini?"

Sasa sikiliza kosa la Hilary lenyewe. Mtoto yeyote wa Mbulu, anayejua tu kuvaa kaptula, akiona ng'ombe zizini haulizi ni wangapi. Anauliza ni wa nani. Huku ng'ombe hawekwi mahali pamoja kama sufuria. Wawili wanakaa kwa rafiki, watatu kwa shemeji, mmoja kwa mjane ili watoto wapate maziwa. Ugonjwa ukipiga boma moja, mengine yanabaki. Aliyewekeshwa anakunywa maziwa, mwenye ng'ombe anabaki mwenye ng'ombe. Mama Marieta hakuwa na ng'ombe wake hata mmoja. Wale kumi na wawili walikuwa wa Gidabuday wa Mogitu, kule Hanang, aliyewapandisha mlimani kiangazi kilipounguza nyasi za tambarare. Mkutano mzima ulilijua hilo.

Na mkutano ule, ambao miezi miwili haukuweza kunyamaza hata wakati wa sala, ulinyamaza. Kila mmoja alikuwa anafikiria gunia lake. Lameck peke yake alifungua kinywa, maana ukweli ulimjia ghafla kama kiungulia.

"Lakini Mama Marieta, si wale ng'ombe wa—"

Doris alimkanyaga mguu kwa kisigino.

"Wa nini?" aliuliza Hilary.

"Wa... wa kupendeza," alisema Lameck, machozi yakimtoka. "Wanapendeza sana."

Hilary alipiga hesabu. Magunia yanataka Fuso, na Fuso lina dereva, na dereva ana mdomo. Ng'ombe wana miguu. Mnada wa Katesh, kule Hanang, ni mwendo wa siku chache, na huko hakuna anayemjua. Akainua mikono.

"Ndugu zangu, mmeona! Hii ndiyo ishara niliyotumwa kuifuata. Fungueni stoo!"

Sijui kama stoo imewahi kufunguliwa upesi vile. Perpetua aliondoka na mbuzi wake akimbembeleza kama mtoto. Mwalimu Basili alibeba maharage yake mwenyewe, mgongoni, na umri ule. Natalia alipakia magunia manne kwenye mkokoteni wa punda, kisha akarudi mpaka mbele ya Hilary na kunyoosha mkono.

"Daftari langu."

"Dada, maoni yako yatatumika kwenye—"

"Daftari langu, kaka. Lina jina la mume wangu."

Hilary alimpa.

Kesho yake, wakati Natalia na watoto wanapanda vitunguu na manyunyu ya kwanza yanaanguka migongoni mwao, Hilary alitoka zizini na ng'ombe kumi na wawili, fimbo mkononi. Mama Marieta alimpa chupa ya uji.

"Pitia Mogitu, mwanangu. Huko kuna maji. Mwenye mimba usimkimbize."

Siku tatu. Viatu vilivyong'aa viliachia soli siku ya kwanza. Siku ya pili alilala anapokaa, ng'ombe wakimpumulia usoni. Siku ya tatu alishajua yupi mkorofi na yupi anapenda kukwanguliwa shingo, na Mlima Hanang ulikuwa umesimama mbele yake kama mzee anayesubiri kuamkiwa. Mvua ilikuwa imeshafika tambarare. Nyasi zilikuwa zimechipua.

Penye njia panda ya Mogitu alisimama mwanamume mrefu mwenye shuka, amejiegemeza kwenye fimbo.

"Wewe ndiye Hilary? Mimi Gidabuday. Mama Marieta alinipigia simu. Karibu."

"Asante, mzee. Napita tu. Nawapeleka ng'ombe wangu mnadani."

Gidabuday hakubishana. Aligeukia kundi, akaita jina moja, taratibu, kwa Kidatoga, lugha ya kwao. Ng'ombe mwekundu aliinua kichwa, akaenda. Akaita la pili, na la tatu. Aliita mara kumi na mbili, wakaenda kumi na wawili, mwenye mimba wa mwisho, bila haraka. Hilary alibaki ameshika fimbo, anachunga barabara.

"Nilikuwa nahangaika," Gidabuday alisema. "Vijana wangu wako mbali wanachunga, na mtu wa kuswaga siku tatu anataka ujira wa mtamba. Mama Marieta akaniambia amepata kijana, hadai kitu. Nikasema huyo hayupo duniani." Alipita katikati ya ng'ombe, akawapapasa mbavu, akakagua kwato moja moja. "Hakuna aliyekonda. Hakuna aliyechechemea. Huyu mwenye mimba umemwendesha kwa akili. Una mkono, kijana."

Hilary alitazama miguu yake, akatazama barabara ya Babati, ndefu, bila basi.

Gidabuday alimletea kibuyu cha maziwa, akangoja anywe mpaka tone la mwisho, kama mgeni wa heshima.

"Mwezi ujao," alisema, "nina wengine ishirini wanatakiwa kwenda Yaeda Chini. Njia mbaya, simba wapo. Utakuwa na nafasi?"