Kliniki Yangu Isiyo na Gharama

Jumapili, 1 Agosti 1976. Ilomba.

Leo nimeshinda! Baada ya ibada, mkutano wa kijiji. Mkoa unataka kutuletea kliniki ya mama na mtoto, lakini moja tu. Ama huku kwetu kilimani, ama kule bondeni kwa Jailos, yule Msafwa fundi baiskeli anayejiona daktari kwa sababu anajua kuziba pancha. Ili ijulikane wapi panafaa, lazima mjumbe mmoja asomeshwe kupima gharama na faida. Semina iko Iringa. Nani aende?

Nikasimama. Nikasema mimi Asukile ni msomi, nimefaulu kisomo cha watu wazima. Na uchumi naujua tangu Chunya, nilikochimba dhahabu mpaka nikarudi na koti. Jailos akauliza, koti peke yake? Watu wakacheka. Wivu.

Wamenichagua. Mwenyekiti alisikika akisema walau kijiji kitapumzika. Ni kweli. Kitapumzika kufikiri, mzigo nimeubeba mimi.

Kliniki itakaa kwenye nyumba yangu ya mbele, ya matofali ya kuchoma. Imebaki tupu tangu mwanangu Andendekisye aende kazini kwenye reli. Mkewe, Ikupa, anakaa nyumba ya nyuma, ng'ambo ya migomba, na ana mimba kubwa. Mwaka juzi mtoto wao wa kwanza alifia njiani, kwenye machela, ule mteremko wa bondeni. Sipendi kuandika habari hiyo. Safari hii nesi awe mlangoni.

Ikupa mwenyewe simjui uso. Kwetu Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe. Akinisikia njiani anaingia migombani, anafunika kichwa, anangoja nipite. Wake wa wanangu, wake wa watoto wa ndugu zangu, wake wa watoto wa rika langu, wote ni wakamwana wangu. Kilima kizima! Nikikohoa tu, njia inakuwa tupu. Jailos akikohoa watu wanampa pole.

Jumatano, 4 Agosti. Iringa.

Baridi ya huku ina meno. Koti la Chunya limenitetea.

Nimejifunza mambo makubwa. La kwanza: wali kwa nyama upo mchana, na jioni upo tena. Mwalimu wetu ni Bwana Liberatus, kijana wa mkoani mwenye suruali pana chini, miguu miwili lakini kitambaa cha watu wanne. Anajua kazi. Alituonyesha ubaoni: unachukua gharama zote za kliniki, dawa, sabuni, petroli ya Landrova, unagawa kwa idadi ya akina mama waliohudumiwa. Gharama ikiwa ndogo kwa kila mama, upande huo umeshinda. Nikamwambia kwa sauti kwamba hilo nililijua zamani. Akasema ndaga, yaani asante. Amejifunza neno letu ili anifurahishe.

Akasema pia mpimaji aone kwa macho yake, asiletewe habari za midomoni. Hilo nimelishika.

Halafu akaleta somo refu la kuuliza akina mama ni kitu gani kinawazuia kuja kliniki. Hapo nilisinzia kidogo. Lilikuwa somo la wanawake.

Jumamosi, 7 Agosti. Nyumbani.

Nimerudi mtaalamu. Atuganile, mke wangu, alinipokea kwa kuuliza kama nimeleta sukari. Nikamwambia nimeleta elimu. Akasema basi nikoroge hiyo kwenye chai.

Mpango wangu ni huu. Alhamisi Nesi Leokadia anakuja kwa majaribio na Landrova. Asubuhi atakuwa kwetu kilimani, mchana bondeni kwa Jailos. Nikijaza akina mama asubuhi, gharama inagawanyika mpaka inakuwa vumbi! Nimempa mjumbe wa nyumba kumi amri apite kila mlango: kila mwenye mimba na kila mwenye mtoto mchanga aje. Asiyekuja, faini ni kuku mmoja. Na mimi mpimaji nitakaa kwenye mlango wa kliniki, niwaone kwa macho yangu.

Atuganile aliacha kupepeta mchele. Akasema, Baba Andendekisye, ukikaa mlangoni hao wanawake watapitaje? Nikasema watapita kwa miguu. Akasema wote ni wakamwana wako. Nikamwambia mambo ya ukwe ni ya njiani na ya migombani, hapa tunaongea uchumi, na uchumi hauna ukwe. Aliniangalia kama anavyomwangalia mbuzi aliyeingia jikoni. Akarudi kupepeta.

Jumanne, 10 Agosti.

Kazi imepamba moto. Nimefuta vumbi kiti changu cha mikono na kukiweka katikati ya mlango kabisa. Mtu hawezi kuingia bila mimi kumwona, wala panya.

Jailos alipita na baiskeli yake. Akauliza kama kiti nacho kitachanjwa. Nikamuuliza yeye amejiandaa vipi. Akasema amefagia banda lake na kufunga kamba kwenye boriti ya kuning'inizia mizani ya watoto, basi. Yeye siku hiyo anakwenda shambani kupalilia vitunguu, asiwasumbue akina mama. Mwenyeji gani anayekimbia wageni wake? Nimemhurumia kwa kweli. Hata Iringa hajafika.

Atuganile ananiambia Ikupa amevimba miguu na anasikia kichwa kinauma. Nikasema vizuri, Alhamisi nesi atamwona bure hapa hapa, hatua chache tu. Atuganile akauliza, na wewe utakuwa wapi? Nikasema mlangoni, kwani sijasema? Akabeba ndoo yake, akaondoka. Wanawake hawapendi kurudiwa.

Alhamisi, 12 Agosti. Siku ya majaribio.

Nesi Leokadia alifika mapema. Binti wa Kisukuma, wazazi wake ni wale waliohamia Usangu na ng'ombe wao. Anatembea haraka kama anafukuza ndama. Alinipa shikamoo, akaniomba nisogeze kiti. Nikamweleza kanuni ya macho. Akakiruka kiti, akaingia ndani.

Nikakaa. Koti nimevaa, kalamu nimeshika.

Akina mama walikuja! Naapa walikuja, niliona vitenge juu kwenye kona. Halafu yule wa mbele akainua macho. Akaona mlango, akaona kiti, akaona mimi. Yowe dogo, kitenge kichwani, puu! ndani ya migomba. Na wa pili. Na wote. Migomba ikatikisika kama imeingiliwa na nyani. Nikaita kwa sauti kwamba wasiogope, leo nimewaruhusu. Wakazidi kukimbia. Mmoja aliacha ndala, sijui ni ya nani, na siwezi kuuliza.

Nesi Leokadia alisimama na sindano mkononi akatazama migomba, akanitazama mimi. Akauliza, babu, umewafanya nini hawa? Nikasema nimewaheshimu. Akamwuliza Atuganile. Atuganile akamnong'oneza sana. Nesi akashika kiuno.

Tukangoja. Kuku wangu tu ndio walioingia kliniki.

Mchana Landrova ikashuka bondeni. Nikatazama kutoka juu ya kilima. Aibu! Wakamwana wangu wote wametoka migombani na kushuka ule mteremko, na mimba zao, na watoto mgongoni, kwenda kujipanga bandani kwa Jailos. Na Jailos mwenyewe hayupo, yuko kwenye vitunguu!

Lakini Mungu ni mwema. Jioni niliona Landrova inaondoka bondeni mbio, vumbi mpaka mbinguni, kuelekea hospitali ya mjini na mgonjwa. Petroli yote hiyo! Gharama za Jailos zimepanda! Nilicheka peke yangu. Nalala na furaha, chakula hakijapikwa, Atuganile sijui yuko wapi.

Ijumaa, 13 Agosti.

Atuganile bado hajarudi. Nimekula ndizi baridi.

Bwana Liberatus amekuja kupokea taarifa. Usiku kucha nilikuwa nimefikiri, na akili yangu haijawahi kunitupa. Nikamsomea mbele ya mwenyekiti na nesi. Upande wa kilimani: dawa zilizotumika, hakuna. Sindano, hakuna. Sabuni, hakuna. Petroli ya mgonjwa, hakuna. Gharama zote, hakuna! Upande wa bondeni: wamemaliza dawa, wamemaliza chanjo, wamechoma petroli. Kwa hiyo kliniki yangu ndiyo rahisi kuliko zote mkoani.

Bwana Liberatus aliipitia karatasi yangu kwa kidole. Akasema kwa hesabu tupu haoni kosa, na mkoani wangeipenda sana taarifa hii. Akaanza kunakili!

Nesi Leokadia akamnyang'anya kalamu. Akasema, kaburi nalo halitumii dawa, Bwana Liberatus, liandike na hilo. Kijana akaona aibu mpaka masikioni. Nikamwambia nesi asimkatize mtaalamu. Akanigeukia. Akasema yule mgonjwa wa Landrova ni mkamwana wako, babu. Alijificha migombani kwako asubuhi nzima, kisha akashuka mteremko na miguu imevimba. Presha yake ilikuwa imepanda, angekaa siku moja zaidi tungezika wawili. Mkeo yuko naye.

Nilifunga vifungo vyote vya koti. Si kwa hofu, baridi tu.

Halafu niliuliza swali la kitaalamu: kama mgonjwa ni wa kilimani, kwa nini petroli imeandikwa bondeni? Nesi akafunga mkoba wake, akatoka.

Jumapili, 15 Agosti.

Atuganile amerudi. Mjukuu amezaliwa, mzima, na mama yake mzima! Mtoto wa kike. Nimelia kidogo kwa sababu ya moshi. Nikauliza jina. Leokadia. Mnyakyusa gani anaitwa Leokadia? Nikasema nilitegemea jina la kwetu, la mtu aliyehangaika kuleta kliniki. Atuganile akasema ndilo hilo hilo.

Baada ya ibada, mkutano. Nilijiandaa kupinga matokeo. Kumbe! Kliniki inakuja kilimani! Nesi alisimama akasema wenye mimba wengi wako juu, na ule mteremko unaua. Akasema asubuhi, mimi nikiwa ibadani, alikaa na akina mama jikoni kwa Atuganile na kuwauliza kitu gani kinawazuia. Wakacheka wakashindwa kusema, maana jina la baba mkwe halitamkwi. Mwishowe wakanyoosha midomo wote kuelekea kiti changu. Sikuelewa kiti kimefanya nini. Kina mguu mmoja mbovu, pengine.

Halafu nesi akaandika hesabu ubaoni. Upande huu, nauli ya basi ya mtu mmoja kwenda sokoni mjini kila siku ya kliniki. Upande ule, akina mama wote wa kilima. Bwana Liberatus akasema tangu aanze kazi hajaona gharama ndogo namna hii yenye faida kubwa namna ile.

Na mtu huyo mmoja ni mimi! Kijiji kimeniteua Mtafiti wa Bei. Kila siku ya kliniki niende mjini tangu alfajiri, niulize bei ya sabuni na ya unga wa uji wa watoto, nisirudi mpaka jua lizame. Mwenyekiti alirudia hapo pa jua mara kadhaa. Nilishangiliwa! Jailos alipiga makofi kuliko wote na kujitolea kunipeleka kituoni kwenye kerea ya baiskeli yake, bure, daima. Nimemsamehe. Hata kutoka nyuma ya ukuta wa kanisa nilisikia vigelegele, na najua ni wakamwana wangu. Wananipenda, ila wanaona haya.

Jumatano, 18 Agosti.

Kesho kliniki ya kwanza. Ikupa atamleta mtoto kupimwa. Nimepiga pasi koti.

Nimewaza vizuri, kitaalamu. Kuzunguka sokoni siku nzima ni gharama isiyo na faida. Bei ya sabuni naijua. Ya unga nitamuuliza utingo. Kwa hiyo nitashuka mjini, nitapanda basi hilo hilo linalorudi, na akina mama wakiwa wanaanza tu kujipanga, mimi huyo! Taarifa ninayo mkononi, na macho ninayo kichwani kama Iringa walivyofundisha. Hawatasikia kikohozi, nitakuja kimya, wasisumbuke kukimbia.

Atuganile amekifungia kiti changu ghalani, anasema kinatengenezwa mguu. Nimekitoa kwa dirisha. Nimekificha migombani, pale pale wanapopenda kukaa. Watafurahi kunikuta.