Shangazi Lazima Apone

Jumamosi, 12 Januari 1957

Athman amevuka bahari kutoka Mbwajumali mpaka hapa Amu na kapu la samaki wakavu. Eti amekuja kumjulia hali shangazi. Hali gani hiyo inayojuliwa kwa kugonga boriti za dari na bakora na kupima ukuta kwa shubiri?

Athman ni mtoto wa ami yangu. Shangazi yetu, Bi Mwanaarabu, ni mjane, hana mtoto. Akifumba macho, nyumba hii ya mawe tutagawana mimi na Athman nusu kwa nusu. Na mimi ndiye niliyekaa humu miaka yote nikimtunza! (Kupika anapika yeye, ni kweli.)

Nimekata shauri. Shangazi atanipa nyumba kwa hiba, angali hai. Aliyepewa kapewa. Shida ni kwamba akiwa na nguvu hatoi hata kijiko. Mtu hukumbuka hisani akiwa kitandani. Basi lazima augue.

Jumatatu, 14 Januari

Shangazi kapiga chafya. Alhamdulillahi.

Nikamwambia uso umempauka. Akasema ni unga, alikuwa akikanda mkate. Nikamlaza hivyo hivyo, nikafunga madirisha, nikampa uji mwepesi usio na chumvi. Kisha nikapita madukani nikiwanong'oneza watu kwamba hali si nzuri. Bwana Obeid, muuza viungo aliyefiwa na mkewe, machozi yalimlenga. Alinipa tangawizi nimpelekee mgonjwa. Nimeitia kwenye chai yangu. Kuuguza kunachosha.

Ijumaa, 18 Januari

Asubuhi nilimweleza shangazi habari ya hiba. Alinitazama sana. "Si maradhi haya, Badawi, ni ndaa," akasema, na kwamba nikimwondolea njaa hiyo kwa samaki wa kupaka tutazungumza. Tutazungumza! Kwangu mimi hilo limekwisha.

Baada ya swala ya Ijumaa nikaomba asomewe dua. Msikiti mzima ukaitikia amina. Athman akalia kwa sauti kubwa kuliko mimi. Mnafiki mkubwa.

Nikaenda kwa Mwalimu Mohdhar, anayesomesha Kurani chuoni na anayejua mirathi, aniandikie hiba. Akashika ndevu. Akasema hiba ya mtu aliye katika maradhi ya mauti huhesabiwa wasia, na wasia kwa mrithi haupiti mpaka warithi wenzake waridhie. Yaani Athman aridhie! Nikamwambia shangazi haumwi hivyo. Akasema yeye mwenyewe ameitikia amina muda mfupi uliopita, tena kwa ajili ya roho inayotaka kutoka. Nikitaka aandike, nilete ushahidi wa afya yake mbele ya watu wasio jamaa.

Shangazi lazima apone. Leo hii.

Jumapili, 20 Januari

Samaki wa kupaka. Maziwa. Mayai. Halua. Madirisha wazi yote.

Asubuhi nikamtoa na buibui lake, tukafuata ufuo mpaka Shela ili watu wamwone. Kurudi nilipanda punda kwa sababu kiatu kilinibana. Shangazi alitangulia kwa miguu, akisalimia kila mlango. Watu wakasema dua imejibiwa. Hakuna aliyenipa pole ya malengelenge.

Jumanne, 22 Januari

Leo ushahidi. Nimewakalisha Mwalimu Mohdhar na Bwana Obeid hapo dakani, kwenye mabaraza ya mlangoni. Athman akajikalisha mwenyewe. Shangazi alikuwa nyuma ya mlango.

Nikaapa wallahi kwamba shangazi yangu ana afya ya mwari: anakula, analala, akili yake wembe. Bwana Obeid akakohoa. Papo hapo sauti ya shangazi ikatoka mlangoni ikimwambia kikohozi hicho ni cha mtu anayekula chakula cha jana bila kukipasha moto, na hana wa kumwambia. Obeid akacheka mpaka akashika ukuta. Nikafurahi sana. Shahidi anayecheka hawi na pingamizi.

Kuhusu nyumba, shangazi alisema tumpe siku chache, ana jambo analifikiri.

Alhamisi, 24 Januari

Bwana Obeid amekuja na Mwalimu Mohdhar. Nilidhani ni habari ya hiba. Amekuja kuposa!

Anasema hakuwa na nia ya kumsumbua mgonjwa, lakini maadamu mimi mwenyewe nimeapa ni mzima, haoni kizuizi. Jirani yetu Bi Tima ameshamuuliza shangazi, naye ameridhia. Aliyebaki ni walii wa kumwoza. Walii ni mimi, mtoto wa nduguye.

Nikapiga hesabu pale pale. Mume wa mke asiye na mtoto hurithi nusu. Nusu nzima! Inayobaki ndiyo tugawane mimi na Athman. Nikasema shangazi ni mgonjwa. Mwalimu akaniuliza kama kile kiapo cha Jumanne nilikila nikiwa usingizini. Nikasema basi siozi. Athman akakohoa kidogo, akasema yeye pia ni walii sawa na mimi, na kanzu yake imeshapigwa pasi.

Athman amshike Obeid mkono mbele ya watu wa Amu, mimi nikae mlangoni na viatu? Haliwi hilo. Nimesema nitaoza mimi.

Nikapanda juu kumwambia shangazi kwamba watu watamcheka. Akanijibu kwamba kulala peke yake na madirisha yamefungwa amekwisha kuonja, na hakuona utamu wake. Kisha akaniuliza ile tangawizi ya Obeid ilikwenda wapi. Nikashuka.

Ijumaa, 25 Januari

Nimeoza. Kwa kinywa changu, kwa mkono wangu. Katikati sauti ilinikwama, watu wakasema tazama anavyompenda shangaziye. Obeid aliitikia amekubali kabla sijamaliza.

Shangazi aliniletea pilau kwa mkono wake, na ule mfupa wenye uboho ninaoupenda. Akasema chumba changu cha chini hakiguswi. Hapo roho iliniuma kweli. Nikala sahani mbili.

Jumatatu, 28 Januari

Athman amerudi Mbwajumali na kapu tupu. Hilo angalau.

Bwana Obeid amehamia na magunia yake ya viungo. Leo nimekaa naye kwa heshima, nikimuuliza hili na lile. Kumbe hana mtoto. Hana ndugu. Ana shamba la minazi huko nyuma ya Shela, na nyumba yake ya zamani iko tupu. Na bado anakohoa.

Mtu kama huyu, akikumbushwa hisani, anaweza kumpa hiba aliye karibu naye. Ila akiwa na nguvu hatatoa.

Nimemwambia uso wake umekuwa wa manjano. Akasema ni bizari. Nimemlaza, nimefunga madirisha, na njiani kwenda kutafuta uji nimepita msikitini kumwombea dua.