Mume wa Msanii Hayumo Ukutani

Jumatatu, 9 Juni
Mke wangu kapewa ukumbi mzima wa makumbusho ya mji wetu! Mji huuhuu uliokuwa ukimcheka kwa kupaka rangi badala ya kufungua duka. Nimefunga cherehani mapema nikamsaidie kubeba. Ukweli: nilikwenda kujitafuta. Nimezunguka kuta zote. Mama mkwe yumo. Muuza mkaa wa mtaani kwetu yumo. Hata paka wa jirani yumo, tena kwenye fremu nzuri. Mimi, mume wa ndoa, simo! Shemeji, kaka yake mke wangu, kafinyangiwa sanamu nzima, kichwa mpaka miguu. Kaniuliza eti mimi nimetundikwa wapi. Nikamjibu yangu bado haijakauka.

Jumatano, 11 Juni
Mpango. Nimevaa koti la harusi, nikakaa dirishani, kidevu juu, macho mbali. Nani angeacha kuchora uso kama huu? Mke wangu akanitazama kwa makini sana. Nikainua kidevu zaidi. Akaingia ndani, akatoka na dawa ya kuchua, akaniambia nivue koti anikande shingo. Kakanda vizuri, siwezi kusema uongo. Lakini picha, hakuna.

Alhamisi, 12 Juni
Sasa ni kujitegemea. Nimefinyanga kichwa changu mwenyewe kwa udongo aliobakiza. Pua imenisumbua, inadondoka kila nikigeuka. Hata hivyo nimejitambua. Nikakipenyeza makumbushoni ndani ya kapu la nguo, nikakipanga kati ya sanamu zake. Jioni nimekikuta mlangoni. Mlinzi anakitumia kuzuilia mlango! Angalau kakisifu: kizito, hakitikisiki.

Jumamosi, 14 Juni
Ufunguzi. Watu pomoni. Nimejibanza nyuma ya sanamu ya shemeji. Mke wangu kaacha wageni wake, kaja kunitafuta. Nikamwambia yote, mpaka habari za kichwa cha mlangoni. Kacheka hadi akaegemea ukuta. Kisha kashika mkono wangu, kauweka juu ya mkono wa sanamu. Kidole kilekile kilichopinda. Kovu la sindano palepale. Akanipeleka kwa mama mkwe: mikono yangu. Kwa muuza mkaa: mikono yangu. Paka peke yake ndiye mwenye miguu yake.

"Miaka yote napaka rangi wewe ukishona mbele yangu," akasema. "Mikono mingine siijui."

Nimelia mbele za watu. Nimesingizia vumbi.

Jumapili, 15 Juni
Mkuu wa makumbusho amekataa kuweka kibandiko: MIKONO NI YA MUME WA MSANII. Nimebandika mwenyewe. Mlinzi kabandua. Nimempigia shemeji simu kumfahamisha kwamba kuanzia viganja mpaka kucha, yeye ni mimi. Kakata. Sasa mke wangu ananiita jikoni, eti leo vyombo ni zamu yangu. Ngoja nikamweleze, kwa upole kabisa, kwamba mikono ya makumbusho haisugui masufuria. Ni mtu wa sanaa. Ataelewa.