Mashuka ya Kijani na Siku Zangu Nne za Fungate

Jumatatu, 2 Septemba

Leo natimiza siku kumi na moja tangu niolewe. Tatu nimekaa na mume wangu. Nane nimekaa na Sista Oliva.

Fungate ni siku saba. Hata mtoto anayetoka jandoni anajua. Sisi tulikuwa kwetu Lisekese, Masasi, siku ya tatu, nakula wali aliopika Khalidi kwa mikono yake mwenyewe (uliungua chini, mtamu ajabu!), simu ikaita. Sista Oliva, mkuu wetu wa wauguzi. Muuguzi mwenzako Josephina anaumwa, rudi kazini. Nikalia kutoka Masasi mpaka Newala. Kutoka Newala mpaka kituoni kwetu huku upande wa Chilangala nikalia tena, nyuma ya pikipiki, machozi yakikaukia masikioni. Nikamkuta mgonjwa Josephina anatafuna muhogo wa kuchoma. Eti jino limepoa.

Leo nimemkumbusha Sista Oliva siku zangu nne zilizobaki. Hakuinua hata macho kwenye rejista. Akasema wagonjwa waliolazwa wakifika wanne au chini ya hapo, niende zangu. Nikaenda kuhesabu. Saba!

Josephina ananiita Bibi Harusi wa Siku Tatu. Mbele ya wagonjwa. Bi Sijaona wa kitanda cha pili alicheka mpaka dripu ikatingishika.

Jumanne, 3 Septemba

Amekuja mtafiti, Bwana Eliakimu, na madodoso. Anataka kujua wauguzi wa vijijini wanaelewa nini kuhusu rangi katika kumhudumia mgonjwa. Swali la kwanza: je, unafahamu kwamba rangi zinaweza kumsaidia mgonjwa kupata nafuu? Josephina akaweka vema kwenye Hapana. Mimi nilikuwa nawaza jinsi Khalidi anavyoshika sindano mdomoni huku akitabasamu. Kalamu ikaangukia kwenye Ndiyo, Sana.

Sista Oliva akafurahi. Akatangaza kwamba mtaalamu tunaye hapa hapa. Nikatabasamu kitaalamu.

Nikamkimbilia Bwana Eliakimu kwenye gari lake, nikamwomba anieleze kidogo, kwa kujikumbusha tu. Akasema kijani na bluu hutuliza, nyekundu huchangamsha, mgonjwa aliyetulia hulala vizuri, na aliyelala vizuri hupata nafuu mapema. Kisha akasema lakini jambo la kwanza kabisa, kabla ya yote, ni... Hapo hapo ukaingia ujumbe wa sauti wa Khalidi. Dakika mbili na nusu! Ameniimbia! Nilipoondoa simu sikioni gari lilikuwa limeshafika barabarani.

Haidhuru. Nimepata ninachotaka. Kijani, usingizi, nafuu, wanne, Lisekese!

Jumatano, 4 Septemba

Nimempigia mume wangu. Yeye ni fundi cherehani pale sokoni Masasi, na hakuna fundi kama yeye kusini nzima. Nimemweleza mpango wote. Nilidhani mtandao umekatika, kumbe alikuwa anajikaza asilie.

Akauliza kijani cha namna gani. Nikamwambia kizuri kuliko vyote dukani. Akasema anacho! Kizito, kinang'aa, robota zima limekaa juu kabatini. Wateja wa kitambaa hicho hawaji mara kwa mara, ila wakija huja ghafla na huwa wana haraka. Atashona mashuka saba usiku huu huu. Ijumaa jioni atanisubiri stendi.

Nimekwenda ukingoni ambako mwinuko unaishia na bonde kuanza, nikapunga mtandio kuelekea Masasi kwa robo saa nzima. Basil wa bodaboda akapita, akauliza nampungia nani. Nikamwambia mume wangu. Akasema, basi dada, mumeo yuko Msumbiji, maana Masasi iko nyuma yako.

Nikageuka. Nikapunga upya.

Alhamisi, 5 Septemba

Mzigo umefika! Basil kauleta kutoka Newala. Mashuka saba ya kijani, na Khalidi, kwa mapenzi yake, ameyawekea tarizi ya dhahabu pembeni na vishada vinavyoning'inia pembe zote nne. Sijawahi kuona kitu cha heshima namna hii. Nimeyanusa moja moja. Yana harufu ya pasi ya mkaa na ya Khalidi. Kwenye shuka la tano nimekuta uzi mweusi, bila shaka umetoka kwenye fulana yake. Nimeuweka ndani ya kitambulisho changu cha kazi.

Josephina akauliza kama tunafanya maulidi. Wivu.

Nimepanga begi. Khanga mbili mpya, udi, karanga za mama mkwe. Wagonjwa bado saba, ila kesho ni kesho.

Ijumaa, 6 Septemba

Naandika nimekalia begi langu.

Nilitaka iwe jambo la kuwashangaza. Baada ya chakula cha mchana wote walilala. Nikapita kitanda kwa kitanda, taratibu, nikawafunika. Nikanyoosha pembe, nikapanga vishada. Mzee Mahmudu, aliyeanguka mkorosho na kuteguka nyonga, hulala amejifunika uso kwa sababu ya nzi. Basi naye nikamfunika kama alivyopenda, mpaka juu ya kichwa. Nikasimama mlangoni. Vitanda saba, kijani, dhahabu, kimya. Roho yangu ikatulia kabisa. Nikasema moyoni, kweli hii ni tiba.

Nilisahau kwamba Ijumaa ina swala ya mchana. Ndugu wa Mzee Mahmudu wakaja kumjulia hali moja kwa moja kutoka msikitini. Watu kumi na wawili, kanzu na kofia. Wa mbele alikuwa mwanawe mkubwa, Tahiri. Akaona. Akavua kofia, akaivaa tena. Akasema inna lillahi. Wote kumi na mmoja nyuma yake wakaitikia.

Mzee Mahmudu akaamka. Akasikia watoto wake wanamwombea. Akafungua macho, akaona kijani. Kwa sauti ya chini sana akawaambia wanawe wamteremshe polepole, maana nyonga bado inauma.

Tahiri akapiga kelele. Bi Sijaona akaamka, akajitazama, akatazama vishada, akasema kwa Kimakonde neno ambalo sitaliandika. Mama Rose wa kitanda cha tatu akaanza kutoa shahada, naye ni Mkristo. Mgonjwa mmoja akapita dirishani. Mwingine akakimbia na chupa yake ya dripu kichwani kama mtungi. Mzee Mahmudu, wa kubebwa kwenda msalani, aliwapita wote getini.

Sista Oliva akatoka ofisini. Akaniuliza wagonjwa wako wapi. Nikamjibu ukweli: sifuri, Sista. Begi langu lilikuwa tayari mkononi. Sifuri iko chini ya wanne.

Akasema yeye ni Mkatoliki, ametoka Ndanda, na amelijua jeneza la Waislamu tangu akiwa mlangoni. Mimi binti wa msikitini nilikuwa naangalia nini?

Nilikuwa naangalia mshono wa mume wangu. Umenyooka kama rula.

Akasema wagonjwa waliopona huondoka na cheti. Nikawarudishe.

Khalidi kanisubiri stendi mpaka basi la mwisho kutoka Newala. Kanunua maembe mabichi na chumvi, maana anajua napenda. Alinieleza hivyo tu, wala hakulalamika. Angelalamika ningelia kidogo.

Jumamosi, 7 Septemba

Siku nzima nyuma ya pikipiki ya Basil. Nimewarudisha sita. Bi Sijaona alikuwa amejifungia jikoni kwake. Nilipobisha nikasema shikamoo bibi, akajibu kwa ndani kwamba marahaba yake naipata, ila mlango siupati. Nikamwapia kwamba mashuka yameondolewa. Akataka Basil naye aape.

Mzee Mahmudu nimemkuta shambani, amesimama kwa miguu yake miwili, anafagia chini ya mikorosho tayari kwa msimu. Akasema nyonga haimuumi tena. Daktari wetu wa kituo amekwenda kumpima, amekubali, amempa cheti. Kwa hiyo rangi inatibu! Nimemwambia Sista Oliva. Akaniambia nitoke mbele yake.

Wodini wagonjwa sita. Siku zangu nne bado nne.

Jumapili, 8 Septemba

Josephina amekwenda kwaya Newala, kapaka mafuta mpaka kwenye viwiko. Mimi zamu. Nimesikiliza ujumbe wa sauti wa Jumanne mara tisa. Anapofika ubeti wa pili huwa anapumua kabla ya kusema jina langu. Faudhia. Hakuna aliyewahi kulisema hivyo. Mama analisema kama anaita kuku.

Sijui kama ameshaanza kuzoea kula peke yake. Hilo ndilo linalonitisha. Asizoee.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimempigia Bwana Eliakimu. Amesikitika sana. Akasema lile jambo la kwanza kabisa alilotaka kuniambia kwenye gari ni hili: rangi moja ina maana tofauti kwa kila jamii, kwa hiyo kabla ya kubadilisha chochote, waulize wagonjwa wenyewe. Waulize mahali gani wameiona rangi hiyo, na inawakumbusha nini. Akarudia mara mbili. Akauliza kama nimeelewa.

Nikamwambia nimeelewa kabisa. Kosa lilikuwa kijani.

Jumanne, 10 Septemba

Sista Oliva amelainika. Nilipiga deki wodi mara tatu bila kuambiwa. Amesema sharti lake liko palepale: wanne au pungufu, ila wawe wamepona kwa cheti. Wapo sita. Wawili tu! Wawili, nami niko Lisekese!

Nimempigia mume wangu sasa hivi, anakata kitambaa wakati naandika. Safari hii hakuna rangi ya kubabaisha. Hakuna dhahabu, hakuna vishada. Nyeupe. Bafta mpya, safi, isiyo na mshono hata mmoja, maana mshono unakwaruza mgonjwa. Vipande vitatu vitatu kwa wanaume, na kwa wanawake vitano vitano, kwa sababu wao huku juu husikia baridi zaidi. Nitawazungushia mwili mzima, taratibu, wakiwa wamelala. Nimemwomba aweke na pamba, na kafuri kidogo kwa ajili ya harufu nzuri.

Kuwauliza wagonjwa nimeona haina haja. Nani duniani amewahi kuogopa nyeupe?

Ijumaa atanisubiri stendi.