Ombi la Kuongezewa Nafasi Mbili Kichwani mwa Fundi Cherehani

Ndugu Mhariri,

Natumaini hamjambo hapo ofisini. Mimi ninalo jambo, tena zito: naolewa Jumamosi na gauni sina. Ni mjane wa miaka hamsini na minane na hii ni ndoa yangu ya pili, kwa hiyo usidhani ni papara za ujana. Chanzo ni ukurasa wenu wa afya, mlipoandika kwamba akili hushika mambo saba tu kwa wakati mmoja.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi wangu hajawahi kuandika kipimo maishani mwake. Alikuwa akipitisha futi na kutamka vipimo tisa, vitatu vitatu, kama anayetaja namba ya simu, basi, vimekaa. Tangu asome gazeti lenu anaishia cha saba. Eti hataki kupasuka kichwa!

2. Cha nane kilikuwa mikono, cha tisa shingo. Mikono ameikisia, inafika magotini. Shingoni ameacha tundu ambalo kichwa changu kiligoma kupita. Alivuta chini, nami nikapiga kelele humo ndani ya kitambaa.

3. Nilimsihi aandike. Alinuna, akaniuliza kama mimi huandika njia ya kurudi nyumbani.

4. Bwana harusi, dereva wa lori mstaafu, naye kasoma. Anasema kichwani tayari ana watoto wake sita na mimi, kwa hiyo tarehe ya harusi niishike mwenyewe. Nilicheka, Mhariri, lakini niliumia.

Kwa heshima zote, naomba kesho mtangaze kwamba idadi imepanda hadi tisa. Wakubwa wenu wakisita, iwe ya muda tu, hadi Jumamosi jioni. Na msiniambie eti makala ilihusu kushika jambo kwa sekunde chache, wala si ujuzi wa miaka. Hilo mngelisema mapema, kwa herufi kubwa.

Nisalimie wachapaji wote, na mwandishi wa ukurasa wa afya pia, ingawa hastahili.

Wako mwenye gauni lisilovalika,
Bibi Harusi

Tanbihi: Usichapishe! Nimemsomea fundi barua hii. Kwa hasira alifumba macho, akataja mbele ya wateja vipimo vyote tisa vya gauni langu la harusi ya kwanza, la miaka thelathini iliyopita. Kisha akanipima upya, akataja vya leo, akalinganisha kiuno. Gauni litakuwa tayari Ijumaa. Ila bwana harusi alikuwa amekuja kunichukua, na tangu tutoke pale ananitajia vipimo vyote kumi na vinane bila kuruka hata kimoja. Tafadhali, idadi ibaki saba. Ikiwezekana, ishusheni hadi tatu.