Chura ya Papa ku Baffle

Leo haya imenimaliza. Kama kungekuwa shimo mu parcelle yetu hapa Kadutu, ningeingia na nijifunike udongo mwenyewe.

Tulikuwa tunamaliza kilio cha papa, baba yangu. Papa alikuwa anaongoza watafiti mu pori, anawatafutia chura mumoja mudogo kama ukucha, ule hata wao hawajamupatia jina. Lakini ku quartier walimuita Papa Chura, wakamucheka mpaka akaingia kaburini. Nikaapa: leo wataacha kucheka.

(Munajua niko diplômé wa masomo ya jioni. Ukinipatia mikro, hata askofu atangojea.)

Nikaeleza vile nilienda na papa, vile niliingia mu matope mpaka shingo, vile nilimukamata ule chura na huu mukono. Tantine mumoja akafanya alama ya musalaba. Mama alikuwa amekaa ku mukeka, kimya, vile anakaaka tangu tumuzike papa.

Kisha nikaunganisha telefone ya papa ku baffle, ile masanduku mbili ya kukuza sauti. Alirekodi chura ile siku. Sikuwa nimesikiliza hata mara moja, niliogopa sauti yake. (Ningesikiliza!)

Kwanza mvua ku majani. Kisha chura: ti, ti, ti, kama kijiko ku sahani. Nikainua kidole kama mwalimu.

Halafu sauti yangu, ku baffle zote mbili:

"Papa! Iko ku muguu yangu! Uitoe, papa, uitoe!"

Chura akanyamaza. Ukasikia mutu anakimbia, anaanguka, anaita mama yake.

Parcelle yote ikapasuka na kicheko. Padri alijifunika uso na kitabu cha nyimbo. Na mama, mama yangu, alicheka mpaka kitambaa kikamuanguka ku kichwa.

Ndipo papa akaongea, polepole, vile aliongeaka:

"Bon. Yeye amekimbia, na wewe umekimbia. Haina shida, mutoto wangu. Tutarudia."

Hakuna mutu alicheka tena.

Hatukurudia.

"Rudisha nyuma kidogo," mama akasema. Nikarudisha. "Tena."

Watu wakaenda, tukabaki sisi wawili. Akauliza kama papa aliacha sauti zingine mu telefone. Nikamuambia ziko mingi, telefone imejaa. (Munanijua kwa kuongeza chumvi.)

Iko hiyo moja tu.

Basi mucheke, muniite Mutoto wa Chura, haina shida. Ila mama musimuambie.